Meno ya Bwana Nyama

Siku zile mitego ya chuma ilipokuwa bado ngeni porini, Fisimaji mmoja mwenye watoto wachanga alikanyaga mtego kando ya mto. Meno ya chuma yakambana mguu. Akamwita jirani yake Nyegere, mnyama aliyejulikana kwa kutoogopa chochote.

"Niachie mimi, dada," akasema Nyegere. "Simba mwenyewe nimeshamng'ata."

Akauma chuma. Akauma tena kwa nguvu zake zote, mpaka jino likakatika. Mtego haukutikisika. Nyegere akarudi nyuma, kwani hakuwahi kukutana na mdomo usiochoka wala kusikia maumivu.

Mara wakasikia mtu anakuja. Nyegere akajitosa majanini.

Mtegaji alifika na rungu mkononi. Akamwinamia Fisimaji, akaona matiti yamejaa maziwa. Akasonya.

"Ngozi nzuri namna hii! Lakini sheria mpya ya Bwana Nyama, msimamizi wa wanyamapori, inasema anayenyonyesha asiuawe."

Akatazama huku na huku. Hapakuwa na mtu. Hata hivyo akaikanyaga springi, mtego ukaachama, akaenda zake.

Fisimaji akachechemea hadi majanini. Nyegere alikuwa amepigwa na butwaa.

"Chuma kile kimefunguka kwa ajili ya huyo Bwana Nyama?" akanong'ona. "Dada, ana meno makubwa kiasi gani?"

"Sijui, kaka," akajibu Fisimaji. "Mwenyewe hata hakuwepo."