Jina la Mzee kwenye Jiwe

Candida alilikata jina kwa kalamu ya wino, mstari mmoja ulionyooka, kisha akairudisha fomu mezani kwa mkuu wake.

Ndugu Polycarp aliitazama kwa muda. Fomu ilikuwa na nakala tatu, na zote tatu zilikuwa zimekatwa.

"Unajua hilo ni jina la nani?"

"Najua."

"Na Mzee ameshaambiwa. Nasikia ameshashonesha suti."

"Nimeiona," Candida alisema. "Imemkaa vizuri."

Ulikuwa mwezi wa Juni, mwaka 1973, na Sabasaba ilikuwa imebakiza wiki tatu. Ofisi yao, mtaa wa nyuma ya Posta, ilitunza mawe: masanduku kwa masanduku yaliyochimbwa pwani tangu enzi za Waingereza. Kazi ya Candida ilikuwa kuyatambua yale yenye mabaki ya briozoa, wanyama wa baharini wadogo kuliko punje ya mtama. Waliishi kwa makundi mamilioni ya miaka iliyopita, kila mmoja kwenye kijichumba chake cha chokaa, na kundi lilipokufa liliacha jiwe lenye matundu kama lesi. Candida aliyatazama mawe hayo kwa hadubini, akahesabu vijichumba, akapima midomo yake, akasema huyu ni wa aina hii, yule wa aina ile. Pale ofisini hakuna mwingine aliyeiweza kazi hiyo.

Miezi mitano nyuma, yeye mwenyewe ndiye aliyesema amepata aina mpya. Mawe kumi na saba ya sanduku moja yalikuwa na miiba sita kuzunguka kila mdomo wa kijichumba, na vitabuni hakuna aina ya namna hiyo. Habari zilipanda ngazi. Aina mpya hupewa jina, na wakubwa waliamua iitwe kwa jina la Mzee, litiwe mkia wa Kilatini kama ilivyo kawaida. Jiwe lingewekwa ndani ya kabati la kioo uwanja wa Sabasaba. Gari lingemfuata Mzee kwake, angekaa kiti cha mbele, angepigwa picha ya gazeti.

Kisha kikaja kifurushi kutoka ng'ambo. Ndani yake mlikuwa na kipande cha jiwe ambacho Candida alikiomba kwa mkopo ili alinganishe. Hakikuwa na miiba. Lakini alipoigeuza taa ikimulike ubavuni, aliona makovu sita kuzunguka kila mdomo, pale miiba ilipovunjikia. Alihesabu siku tatu mfululizo. Ilikuwa aina ileile. Ilikuwa na jina tangu miaka arobaini na mitano iliyopita, na jina lenyewe lilikuwa la rafiki wa mzungu aliyeiandika, mtu ambaye hakuwahi hata kukanyaga pwani hii.

Polycarp hakuwa mtu mbaya. Alimsihi. Alimwambia kipande kirudishwe kimyakimya, nani atajua. Alimwambia nchi imejitawala miaka kumi na moja na mawe yake bado yanaitwa kwa majina ya wageni, akamuuliza kama hilo halimuumi.

"Linaniuma kuliko linavyokuuma wewe," Candida alisema.

Polycarp akavuta droo. Akatoa barua ya kumruhusu Candida kwenda kusoma, ambayo ilikuwa haijatiwa saini, akailaza juu ya fomu. Candida hakuhitaji kuelezwa.

Kesho yake aliitwa mbele ya wakubwa watatu. Alikwenda na hadubini yake kifuani, akaiweka katikati ya meza, akawaomba wahesabu wenyewe. Wa kwanza alitazama, akasema sita. Wa pili akasema sita. Wa tatu hakuinuka kitini. Alitaka tu kujua kama Ndugu Candida anaona Mzee hastahili.

"Mzee anastahili kuliko wote walioandikwa kwenye masanduku yale," alisema. "Ndiyo maana. Siku moja mtu ataigeuza taa kama nilivyoigeuza mimi. Atalifuta jina lake, na ataandika kitabuni kwamba lilikuwa kosa. Litasomwa hivyo daima. Sitaliruhusu, hata mkinifukuza leo."

Hawakumfukuza. Barua ya masomo ilirudi drooni, na ikaamuliwa ndani ya kabati la kioo ziwekwe nyuzi za katani badala ya jiwe. Saadiya, mpiga taipu, alipokuwa anaandaa kibandiko kipya cha lile jiwe, aliuliza kwa sauti ya chini ni nani atakayekwenda kumwambia Mzee. Candida akajibu kwamba atakwenda yeye, na siku hiyohiyo.

Kazi ilipoisha hakupanda basi. Alikata Mnazi Mmoja kwa miguu, akaingia Kariakoo, ambako soko jipya lilikuwa bado linajengwa na vumbi la saruji limetanda juu ya mafungu ya nyanya. Mbele ya wale watatu sauti yake haikutetereka. Sasa alikuwa anatafuta maneno na kila alilolipata alilitupa. Alipofika Mtaa wa Mahiwa alisimama kidogo, akafuta uso kwa ncha ya kitenge, akaingia uani kwao, nyuma ya duka la mafuta ya taa.

Mzee alikuwa amekaa kizingitini, anamenya muhogo. Utosini mwake palikuwa na kipara cha mviringo, pale nywele zilipoacha kuota baada ya miaka thelathini ya kuwabebea Waingereza masanduku ya mawe kichwani.

"Shikamoo, baba," Candida alisema. "Jina lako nimelikata mimi."