Beseni la Sabuni

Uvumi kuhusu yule mwalimu wa tuisheni ulikataa kumtoka Somoe kichwani. Leo binti yake, Riziki, amerudi kutoka huko analia, gauni limechanika. Wifi mtu keshajaza beseni, povu limefura.

“Mvue nimfulie, wifi. Aoge, kisha tumwite mjumbe tuyamalize kimyakimya.”

“Unataka kufua ushahidi? Niondolee beseni lako!”

“Haya, nenda ukazungushwe, mara polisi, mara hospitali.”

“Siku hizi nesi, polisi na ustawi wa jamii wanakaa chumba kimoja palepale hospitali. Twende, mwanangu.”

Akamfunga kanga juu ya gauni lilelile, wakatoka. Nyuma yao povu likabaki linapasuka taratibu.

Mama mwenzangu, usimwogeshe. Usifue nguo. Usikubali kikao cha nyumbani. Usimwulize alivaa nini.