Kulungu Asiye na Mstari

Mgeni kutoka makumbusho aliiweka picha ya zamani mezani kwa bibi yangu. Mwanamke wa kabila letu la Zuni amejitwika mtungi, sura imefifia kana kwamba alitikisika akicheka. Chini imeandikwa: "Hajulikani."

"Bibi, hata sura haionekani, utamjuaje?" nikamtania.

"Sura ya nini? Tazama mtungi, we mtoto!"

Ubavuni mwa mtungi wamechorwa kulungu wawili. Mmoja ana mstari toka mdomoni hadi moyoni, kama tuchoravyo sisi. Wa pili hana.

Bibi Ernestina akaenda jikoni, akamwaga mahindi toka mtungini, akarudi nao: uleule wa pichani.

"Mkate ulikuwa unaungua tanurini," akasema, kicheko kimemkaba. "Mama akaacha kuchora, akatoka mbio. Hakurudi kummalizia huyu kulungu."

Kisha akampokonya mgeni kalamu, akalikata lile neno chini ya picha, akaandika jina la mama yake.