Kitanda Namba Kumi na Saba

"Tumbo, shangazi. Nilikwambia tumbo, siyo kifua."

Mkuu wa chuo cha udaktari aliinama juu ya kitanda namba kumi na saba, akiwatabasamia walio mbali na kumsagia meno aliye karibu. Shangazi yake alikuwa ameshika kifua. Kadi iliyoning'inia miguuni pa kitanda ilisema vidonda vya tumbo, na kadi hiyo aliiandika Mkuu mwenyewe jana yake.

"Kinanibana, mwanangu. Na huu mkono wa kushoto umekufa ganzi."

"Hakuna cha mkono. Shika tumbo, nyamaza."

Shangazi akahamisha mkono. Ndiye aliyemlea Mkuu tangu ana miaka minne, na leo alikuja bila kuombwa mara mbili, na shuka lake la maua ya zambarau kwapani, maana mashuka ya hospitali hayakutosha.

Baraza la Madaktari lilitaka hospitali ya chuo iwe na wagonjwa sitini vitandani, ili wanafunzi wajifunze kwa watu na si kwa picha. Mwaka uliopita mkaguzi alikuta kumi na mmoja, na wawili kati yao walikuwa walinzi waliojinyoosha tu. Akatoa onyo la mwisho. Safari hii wakipungua, chuo kinafungwa na jina la Mkuu linafutwa kwenye orodha ya madaktari. Basi Mkuu akazoa mtaa mzima: fundi cherehani, wapangaji wake, shemeji zake wawili, nusu ya kwaya. Kila mtu alipewa kadi na ugonjwa wa kukariri. Walifika hamsini na tisa. Shangazi ndiye aliyetimiza sitini.

Mkaguzi alikuwa yule yule wa mwaka jana, mtu mkavu mwenye kalamu mbili mfukoni, aliyeamini kuwa kila binadamu ni mwongo mpaka alete ushahidi. Salamu aliiitikia kwa kikohozi.

"Leo wamejaa," alisema mlangoni.

"Ni msimu, mheshimiwa."

"Msimu wa nini?"

Mkuu akajifanya kumwita sista.

Walipita kitanda kwa kitanda. Fundi cherehani aliulizwa anaumwa nini, akasema pumu, kwa sauti ya mtangazaji wa mpira. Shemeji mkubwa aliulizwa, akachungulia kadi kwanza. Mkuu aliwachukia wote, mmoja mmoja. Walipofika namba kumi na saba, shangazi alikuwa amelowa jasho, midomo imepauka, na mkono umesharudi kifuani.

"Huyu?"

"Vidonda vya tumbo," Mkuu akawahi kujibu. "Anapenda kudeka kidogo."

Mkaguzi aliitazama kadi, akamtazama mgonjwa, akautazama ule mkono. "Tumbo lake limepanda juu sana," alisema, akapita.

Mkuu alibaki nyuma. "Unataka niumbuke?" alinong'ona. "Unaniharibia kwa kupenda sifa. Lala kama wenzako."

"Niitie daktari basi, mwanangu."

"Kwani mimi ni nani?"

Shangazi akafumba macho.

Ofisini, mkaguzi alidai daftari la wodi. Alilisoma kwa saa mbili, akilamba kidole kila akifunua ukurasa, chai ikipoa mbele yake. Mkuu alikaa kwenye kiti cha wageni katika ofisi yake mwenyewe. Mwishowe daftari likafungwa.

"Miezi sita," alisema mkaguzi. "Wagonjwa sitini kila siku. Waliokufa, sifuri."

"Tunajitahidi, mheshimiwa."

"Mimi nimefanya kazi wodini miaka ishirini na nimezika watu kila mwezi. Ninyi huku mmemwachisha kazi Izraili." Alitoa fomu yake, akaandika ile sifuri kwa wino mzito. "Wale watu umewaokota barabarani, daktari. Na mimi nitaandika hivyo. Sheria inanitaka nihesabu vitanda mara ya pili, kwa hiyo twende tukamalize."

Mkuu alimfuata. Kichwani alishaanza kuandika barua ya kujitetea, na katika barua hiyo kosa lilikuwa la sista.

Wodini walikuta kimya. Sista alikuwa amewaapia kwamba atakayecheka hatapata chakula cha mchana, na kila mtu alikuwa ameng'ang'ania ugonjwa wake. Lakini hakuna aliyefanya vizuri kama namba kumi na saba. Amenyooka, ametulia, mkono uko tumboni kama alivyoagizwa. Angalau mmoja amesikia, aliwaza Mkuu, na kwa mara ya kwanza siku hiyo alijivunia shangazi yake.

Mkaguzi alisimama pale pale. Alimshika kifundo cha mkono. Akabadilisha vidole, akashika tena. Akamfunua jicho moja, kisha la pili. Aliporudisha mkono ule juu ya shuka, aliurudisha polepole, na sauti iliyomtoka haikuwa ile ya asubuhi.

"Niwie radhi, daktari," alisema. "Nimekagua vyuo vingi. Wagonjwa wa bandia nawajua. Wanakohoa, wanalia, wanaulizia chakula. Hawafi."

Akaitoa fomu, akaikata ile sifuri, akaandika moja. Chini yake akagonga muhuri wa kibali. Kisha akaona nafasi moja imebaki wazi, akaishika kalamu sawasawa.

"Ana ndugu wa kujulishwa?"

Fundi cherehani aliinua kichwa. Shemeji wote wawili waliinua vichwa. Vitanda hamsini na tisa vilimtazama Mkuu, na Mkuu akalitazama lile shuka la maua.

"Hana," alisema.