Kofia ya Kalinga

Kalinga alishuka kwenye basi Chimala saa nne asubuhi, kofia ameivuta hadi kwenye nyusi, barakoa imemfunika mdomo na ndevu. Jamani, mwanamume mzima, ana mke na watoto wawili Mlandege kule Iringa, anajificha kama mwizi wa kuku!

Lakini alikuwa na sababu. Tangu filamu ya usharika wa kanisa lake ianze kuzungushwa wakati wa Pasaka, hakuwa na amani barabarani. Mwezi uliopita, stendi ya Makambako, watu walimtambua wakamrukia, shati likachanika vipande viwili. Angenyoa ndevu, ila mchungaji alimkataza. Bado kulikuwa na vijiji vya kuonyesha filamu, na yeye alitakiwa awepo.

Filamu yenyewe ilikuwa ya maisha ya Yesu, imepigwa kwenye vilima vya Iringa, waigizaji wote wa hapahapa. Na ilileta maneno hiyo! Misikitini walisema haifai kabisa kumwigiza nabii. Makanisani nao waliuliza, kwa nini sehemu kubwa namna ile apewe Mwislamu?

Mwislamu mwenyewe ni Zubery, mwenye mashine ya kukoboa mpunga hapa Chimala, rafiki wa Kalinga tangu walipokaa dawati moja shuleni. Wakristo saba waliombwa kwanza. Wote walikwepa, wakisema jina lile ni zito, hawawezi kulibeba. Filamu ikawa karibu kufa. Kalinga ndiye aliyempigia simu Zubery, akambembeleza, na Zubery akacheka.

"Basi nipeni mimi. Si kuigiza tu?"

Kuigiza tu! Siku ilipoonyeshwa Chimala, kwenye uwanja wa mpira, watu walilia tangu katikati hadi mwisho. Ilipokwisha, vijana walimwona Zubery amesimama pembeni, wakamvamia, wakamvunja mkono wa kulia. Kalinga alikuwa hatua kumi tu kutoka pale, watu wamemzunguka na yeye pia.

"Kalinga, waambie!" Zubery aliita.

Mzee mmoja akamgeukia Kalinga. "Unamfahamu huyu?"

Kalinga akatikisa kichwa kukataa. Kisha akapanda gari la usharika, akaenda zake.

Wiki tisa sasa. Aibu hiyo alilala nayo na akaamka nayo. Mkewe Eveline akimwekea ugali, anausogezea watoto.

Alipobisha kwa Zubery, mlango ulifunguliwa na Bi Mwanakhamisi, mama yake Zubery.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Kofia ya nini ndani ya nyumba za watu? Haya, ingia unywe chai."

Angemtukana ingekuwa afadhali. Chai ile, na maandazi juu yake, ilimuumiza Kalinga kuliko kofi.

Zubery alikuwa amekaa uani, mkono umening'inizwa kwenye kitambaa shingoni. Nyuma yake mashine ilikuwa kimya, na huu ulikuwa msimu wa mavuno.

"Niliogopa," Kalinga alisema, macho chini. "Niliogopa watanigeukia na mimi. Nisamehe, ndugu yangu. Naona aibu hata kukutazama."

"Mimi nimeshakusamehe. Wateja ndio bado." Zubery akaionyesha mashine kwa kidevu. "Hakuna anayeniletea hata gunia moja. Watoto nao hawaniiti Zubery tena, wananiita lile jina la kwenye filamu."

"Na mimi wananiita la kwangu."

"Najua. Mimi Jumamosi nahama. Nakwenda kwa dada yangu Ruwaida, Mbeya, nikauze hata mitumba." "Ila kuna kitu kimoja ungeweza kunifanyia. Utembee na mimi sokoni, toka mwanzo hadi mwisho. Umenishika mkono. Bila hiyo kofia, bila hicho kitambaa cha mdomoni."

Kalinga akaivuta kofia chini zaidi. "Leo?"

"Leo ndiyo siku ya soko. Waliokuwepo siku ile wote wapo."

"Zubery, hujui watafanya nini wakiniona."

"Sijui. Hata mimi siku ile sikujua."

Wakatoka.

Walipofika kwenye meza za nyanya Kalinga alikuwa bado amejifunika, anatembea hatua mbili nyuma, eti anaangalia bei ya vitunguu. Ovyo kabisa. Kijana mmoja akatema mate karibu na viatu vya Zubery. Zubery hakugeuka hata kuona ni nani. Alinyoosha tu mkono wake wa kushoto kwa nyuma, ule uliobaki mzima, akangoja.

Kalinga aliutazama mkono ule. Akakumbuka ulivyokuwa ukimpa nusu ya muwa wakati wa mapumziko, enzi hizo wote wawili pekupeku. Moyo ukamuuma, machozi yakamjaa. Akavua kofia. Akavua na barakoa. Akavitupa vyote chini, akaushika mkono wa rafiki yake mbele ya Chimala nzima.

Aliyekuwa akipima mchele akaacha kopo hewani. Vijana waliokuwa wakipakia lori walishuka mmoja mmoja, wakaanza kusogea. Zubery aliwatambua wawili kati yao, na vidole vyake vikakaza. Kalinga hakumwachia.

Kabla vijana hawajafika, Mama Rozalia muuza ndizi akajipenyeza mbele yao. Akatua beseni lake, akapiga magoti kwenye vumbi miguuni pa Kalinga.

"Bwana Yesu," alisema, "mbona umemshika mkono Yuda?"