Kisogo cha Safu ya Pili

Mwoka mikate alikuwa amebanwa kwenye benchi la wanafunzi nyuma ya darasa, magoti yamemfika kidevuni, daftari mkononi, macho yote kwenye kisogo kimoja cha safu ya pili. Kilikuwa kimechongoka vilevile kama cha marehemu babu.

"Unamwangalia yupi, mzazi?" mwalimu wa darasa alikuwa amemnong'oneza asubuhi.

"Wala usimtaje, mwalimu. Wangu namjua. Akinishtukia tu, atajifanya malaika."

Jambo lenyewe halikuwa la mchezo. Shule ilikuwa imeleta barua: kijana anapiga kelele, anaiga sauti za walimu, anatoroka kwa kupitia dirishani. Mzazi aje ashinde naye siku moja nzima, ajionee kwa macho yake, kisha jioni waamue kama anabaki au anafukuzwa.

Mama watoto alimsomea barua hiyo kupitia mlango wa bafu, maji yakimwagika. "Kesho, shuleni, saa mbili kamili," alimalizia. "Na usije ukaniaibisha."

Mwoka mikate hakuuliza maswali. Kazi yake humtoa nyumbani watoto wamelala, visogo tu vinachungulia nje ya shuka, na wakirudi ni zamu yake kukoroma. Lakini njia ya shule aliikumbuka barabara, tangu siku ile alipompeleka mtoto kuandikishwa. Saa mbili kasoro robo alishafika.

Sasa alikuwa akiandika, ulimi nje. *Saa tatu: ametulia. Saa tatu na nusu: amemwazima jirani kalamu. Saa nne: amenyoosha kidole mara sita.*

Kengele ya mapumziko ilipolia alijifunika uso kwa daftari asije akatambuliwa, na watoto wakampita kwa kishindo. Waliporudi, kisogo kikakaa mahali pake, na kazi ikaendelea.

Kitu kimoja tu kilimtia wasiwasi. Mtoto alionekana mdogo kuliko alivyomfikiria. Akaandika pembeni: *Kuongea na mama yake kuhusu chakula.*

"Saba mara nane?" mwalimu aliuliza.

"Hamsini na sita!" kisogo kikajibu, mwoka mikate mwenyewe akiwa bado yuko kwenye vidole vya mkono wa kwanza.

Machozi yakamlengalenga. Kumbe ndiye huyu! Alijionea haya kwa jinsi alivyokuwa ameamini ile barua neno kwa neno, hata akawa ameshamtafutia aproni ya kuanzia kazi kiwandani. Mtoto mwenye adabu namna hii, halafu watu wazima wanakaa ofisini kumsingizia. Kufikia kipindi cha mwisho alikuwa amejaza kurasa kumi na moja, na hasira zimempanda mpaka kooni.

Kengele ya kwenda nyumbani ilimkuta tayari yuko mlangoni mwa ofisi. Mwalimu mkuu, mama mmoja mpole mwenye miwani, hakuwahi hata kumkaribisha kiti. Daftari lilitua mezani puu!

"Mwalimu, huu ni uonevu mtupu! Nimeshinda naye kutwa. Hajapiga kelele, hajamwiga mtu, dirisha hata kulitazama hajalitazama. Mkimfukuza mwanangu, basi mimi sitoki hapa!"

Mwalimu mkuu alifungua daftari, akasoma ukurasa mmoja, akasoma wa pili, akavua miwani.

"Mwanao ni yupi, baba?"

Mwoka mikate akanyoosha kidole dirishani, kuelekea uwanjani, ambako kisogo kilikuwa kimeinama kikiokota karatasi. "Yule pale. Damu yangu. Hata gizani simpotezi."

Mwalimu mkuu alitazama. Akavaa miwani, akatazama tena.

"Yule," alisema taratibu, "nimemzaa mimi."

Kabla mwoka mikate hajapata pa kuuweka uso wake, mlango ukagongwa, na sauti nzito ikaomba radhi kwa kuingilia mazungumzo. Aligeuka, akalazimika kuinua kichwa ili aione sura ya mgeni: kijana mrefu kama mlango wenyewe, sharubu zimeanza kuchipua, jasho linamtiririka.

"Shikamoo, baba," kijana alisema. "Mama amesema lazima utakuwa umekuja huku shule ya msingi. Kule sekondari wamekungoja mpaka wamefunga geti."