Eda ya Mwanamkasi

Siku hizi tajiri anayehamia ng'ambo kukwepa kodi huhesabiwa kisheria kuwa amekufa. Ndiyo maana Mwanamkasi alikaa eda na nguo zake nyeupe, huku mumewe Mbaruku akimpigia simu ya video kila jioni kutoka kisiwa kisichotoza kodi.

"Vua hizo nguo, mke wangu. Hiyo ni sheria tu," alimwambia akicheka.

Mwanzoni naye Mwanamkasi alicheka. Lakini majirani walikuja kusoma hitima, na mama mkwe, macho yamemvimba, akazigawa kanzu zote za mwanawe.

Leo alipokea simu amepaka wanja.

"Mbona umejipamba?"

"Eda imekwisha."

Mbaruku hakucheka. "Mimi mzima, Mwanamkasi."

"Mungu akulaze pema," alimjibu taratibu, akakata simu.